Mita Inasoma Volti 123, Betri Imekufa

Nyuma ya chumba cha udhibiti cha karibu kila kituo cha kupoza umeme kuna chumba kingine kidogo ambacho wageni hawapelekwi kukiona. Ukutani kuna feni ya kutoa hewa, sakafu imepakwa rangi isiyoliwa na asidi, na juu ya rafu za chuma zimepangwa seli 55 zilizoungwa moja baada ya nyingine, kila seli ya volti 2, jumla yake volti 110. Nje ya ukuta huo zimesimama transfoma za mabilioni ya shilingi, na kutoka hapo laini zinakwenda viwandani, hospitalini na majumbani. Usalama wa mali yote hiyo ya nje unategemea kile chumba cha ndani, na nadhani tunakikosea mara mbili. Tunakikosea tunaponunua betri kwa kutazama bei na maneno ya muuzaji, bila kujiuliza ni matunzo gani tutakayoweza kuipa pale itakapokaa. Tena tunakikosea tunapoiamini mita ya ukutani, ilhali njia ya hakika ya kujua uzima wa betri ni kuitumia na kuona itadumu kwa saa ngapi.

Mtu anaweza kuuliza, kituo chenye laini ya kilovolti 132 kinataka betri ya nini? Jibu limo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mti ukiangukia waya au radi ikipiga nguzo, mkondo wa umeme hupanda mara nyingi kuliko kawaida na volti ya eneo lile huporomoka. Relei inatakiwa kuiona hitilafu na kuiamuru breka ifunguke kabla transfoma haijaungua. Nguvu ya kuiendesha relei na kuivuta koili ya breka haiwezi kutoka kwenye laini ileile inayougua, maana inapohitajika ndipo inapokuwa haipo. Ndiyo sababu vifaa hivyo hulishwa umeme wa mkondo mnyoofu, ambao mafundi huuita DC, kutoka kwenye betri. Breka zikishafunguka na kituo kikawa gizani, betri hiyohiyo ndiyo inayoendelea kuwasha taa za dharura, kupeleka taarifa kwenye kituo cha udhibiti wa gridi, na kuzungusha mota zinazokaza springi za breka ili umeme uweze kurudishwa. Siku za kawaida chaja ndiyo inayobeba kazi yote na betri imekaa tu. Hapo ndipo inaposahaulika.

Kinachotokea DC ikikosekana kiliandikwa kwa gharama kubwa nchini Australia. Tarehe 25 Mei 2021, katika kituo cha kuzalisha umeme cha Callide C, jimbo la Queensland, mafundi walikuwa wakiingiza kazini chaja mpya ya mfumo wa betri wa mtambo wa C4. Katika hatua moja ya kazi hiyo, chaja iliachwa peke yake kushikilia volti, betri ya mtambo ikiwa bado haijaunganishwa. Chaja haikuweza, na volti ikaporomoka. Mtambo ukapoteza DC pamoja na umeme wa mkondo geu, yaani AC, unaoendesha mashine zake za ndani, lakini breka inayouunganisha na gridi ikabaki imefungwa, kwa kuwa hapakuwa na nguvu ya kuifungua. Kwa zaidi ya nusu saa jenereta ile ilizungushwa na gridi kama mota, bila ulinzi na bila mafuta ya kulainisha beringi zake, hadi ikajivunja vipandevipande. Mitambo mingine na laini zikaanguka, wateja wapatao 470,000 wakakosa umeme, na C4 ikachukua zaidi ya miaka mitatu kurudi kazini. Uchunguzi ulioongozwa na injinia Sean Brady haukuishia kwenye chaja. Ulieleza pia jinsi taasisi ilivyolegea katika kusimamia hatari za mitambo yake. Callide ni kituo cha kuzalisha umeme, si cha kupoza, lakini mpangilio wa betri, chaja na breka ni uleule, na funzo ni lilelile: chaja si mbadala wa betri, hata ikiwa mpya kabisa.

Nirudi kwenye mita ya ukutani, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Chaja hupangwa itoe takriban volti 2.23 kwa kila seli ya risasi. Zidisha kwa 55, unapata volti 122.65, na mita inasoma 123. Mtu wa zamu anaandika 123 asubuhi na 123 jioni, mwezi hadi mwezi, na daftari linapendeza. Sasa chukulia seli moja imechoka na imeshuka hadi volti 1.90. Pengo lake la volti 0.33 hugawanywa kwa seli 54 zilizobaki. Kila moja inapanda kwa volti 0.006 tu, na jumla inabaki palepale. Sasa chukulia jambo baya zaidi, kwamba kiungo ndani ya seli moja kimekatika kabisa. Seli zimeungwa kama mnyororo, kwa hiyo pete moja ikikatika hakuna betri tena. Chaja bado inalisha relei, taa za paneli zinawaka, na mita inasoma 123 kama jana. Siku ya radi, volti ya AC inapoanguka, chaja nayo inanyamaza, na sekunde hiyohiyo kituo kinagundua kwamba hakikuwa na betri. Mita ile ilikuwa ikiipima chaja.

Kwa hiyo swali la kwanza la kununua liwe hili: betri hii ikianza kuugua, tutajuaje? Nikipima aina zilizopo kwa swali hilo, mpangilio wa sifa zake unabadilika. Betri ya risasi na asidi ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, na ile ya zamani yenye maji ndani na chombo kinachopenya mwanga bado ina heshima yake. Fundi anaona kiwango cha asidi, anaona bamba zilizopinda, anaona mashapo yaliyoanguka chini, na anaweza kuchovya haidromita na kusoma kama uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji uko kwenye kiwango chake, ambacho kwa betri nyingi za vituo ni kati ya 1.215 na 1.240. Inachoka polepole na inatoa dalili. Dhidi yake husemwa kwamba inatoa haidrojeni, na ni kweli: gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inaweza kulipuka, kwa hiyo feni iliyoharibika ni hatari inayotakiwa kushughulikiwa siku hiyohiyo. Inataka pia kuongezwa maji yaliyokenekwa. Kazi hizi zipo, lakini ni kazi zinazojulikana.

Kisha huja ile iliyofungwa, ambayo muuzaji huinadi kwa maneno matamu: betri isiyohitaji matunzo. Maana halisi ya maneno hayo ni finyu. Huiongezi maji, na hata ukitaka huwezi. Ndani ya plastiki nyeusi hakuna kinachoonekana. Asidi hukauka bila mtu kujua, na mara nyingi viungo vya ndani hukatika ghafla, badala ya uwezo kupungua kidogo kidogo. Wasiosadiki wazitazame kanuni za NERC, chombo kinachosimamia uimara wa gridi za Amerika Kaskazini. Kwa anayethibitisha afya ya betri kwa kupima uwezo wake, betri ya risasi yenye maji inatakiwa kupimwa angalau mara moja kila baada ya miaka 6. Ile iliyofungwa, hiyo ya kutohitaji matunzo, inatakiwa kupimwa angalau kila baada ya miaka 3. Waliokwisha kuumwa na nyoka huyu wameamua kumchungulia mara mbili zaidi, na sioni kwa nini sisi tununue tukitarajia kumchungulia mara chache.

Joto nalo lina neno lake, na kwetu neno hilo ni kubwa. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba betri ya risasi ikikaa kwenye chumba kilichozidi nyuzi joto 25 kwa nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu. Betri iliyoandikwa miaka 20 kwenye karatasi, ikiwekwa kwenye chumba cha nyuzi 35, ni betri ya miaka 10. Iliyoandikwa 10 ni ya miaka 5. Halafu mtu anaandika zabuni moja, yenye maelezo yaleyale, kwa kituo cha Tanga penye joto la pwani na cha Makambako ambako watu huvaa masweta. Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kiyoyozi. Kiyoyozi kinasaidia, nami nakiunga mkono, lakini kinaharibika, na aghalabu chumba cha betri ndicho cha mwisho kutengenezewa. Chaja yenye uwezo wa kupunguza volti joto linapopanda ni kinga ya pili, nayo isikosekane kwenye maelezo ya zabuni.

Kwa vituo vya joto kali na vilivyo mbali, naamini betri ya nikeli na kadimiamu, iliyobuniwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899, inastahili bei yake. Bei hiyo ni kubwa, tena mno, na seli zake zinatoa volti 1.2 tu, hivyo unahitaji karibu 92 kufikisha volti 110. Lakini inavumilia joto kuliko ya risasi, na ikichakaa kwa kawaida haifi kwa mkato. Ina siri moja inayowaponza mafundi waliozoea risasi: uzito wa alkali yake haubadiliki betri inapojaa au kuisha, kwa hiyo haidromita haitakuambia ina chaji kiasi gani. Na haidromita iliyotoka kwenye asidi isiguse kamwe seli ya alkali, kwani mabaki machache ya asidi yanaiharibu. Kituo chenye aina zote mbili kinahitaji seti mbili za vifaa, zilizotiwa alama na kufungiwa makabati tofauti.

Wapo watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu betri za lithiamu zimeingia. Ni nyepesi, hazihitaji nafasi kubwa, na zinajitazama zenyewe kwa kompyuta ndogo iliyomo ndani. Sizipingi, na bila shaka zitapata nafasi yake. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo kompyuta. Imeundwa kuilinda betri: ikiona joto, volti au mkondo usioipendeza, inaikata betri. Katika simu au gari huo ni uamuzi mzuri. Katika kituo cha umeme mpangilio wa thamani ni kinyume chake. Ni heri betri iharibike ikiifungua breka kuliko ijiokoe na kuiacha transfoma iungue. Anayetaka kununua lithiamu kwa kazi hii amuulize muuzaji, na apate jibu la maandishi, ni hali zipi hasa zitakazoifanya betri ijikate, na kama hali hizo zinaweza kutokea wakati wa hitilafu kubwa.

Suala la ukubwa wa betri huonekana la hesabu tupu, ila ndani yake kuna jiografia. Chukua kituo ambacho relei, taa na mawasiliano vinakula ampea 10 muda wote. Kwa saa 8 hizo ni ampea-saa 80. Betri inatakiwa kuiweza kazi hiyo hata ikizeeka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo zidisha kwa 1.25, upate 100. Ongeza asilimia 10 ya tahadhari, zinakuwa 110. Juu ya hapo unaweka mkondo mkubwa wa dakika ya kwanza, pale breka nyingi zinapofunguka kwa pamoja, na wa dakika ya mwisho, pale mota za springi zinapozunguka ili kurudisha umeme. Dakika ya mwisho ndiyo ngumu zaidi. Viwango vya kimataifa vinataka koili ya kufungua breka ifanye kazi hata volti ikishuka hadi asilimia 70, lakini ya kufunga inadai asilimia 85, ambayo kwa mfumo wa volti 110 ni volti 93.5. Betri dhaifu inaweza kukuzimia umeme salama kisha ishindwe kukuwashia.

Lakini zile saa 8 zilitoka wapi? Mara nyingi zimenakiliwa kutoka zabuni ya zamani. Saa zinazofaa ni muda ambao fundi mwenye jenereta au chaja ya akiba atautumia kufika, barabara ikiwa katika hali yake mbaya zaidi ya mwaka. Kituo cha Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kiko mwisho wa laini ya kilovolti 400 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 kutoka Suswa. Hakiwezi kupewa saa zilezile za kituo kilichoko mjini Nairobi. Na giza la nchi nzima si jambo la kufikirika tu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, mashine nyingine zikazidiwa na kujizima, na Kenya nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Wakati kama huo betri za kila kituo hubaki peke yake, na gridi inarudishwa kituo baada ya kituo, kila kimoja kikitegemea kwamba betri yake bado ina nguvu ya kufunga breka zamu yake itakapofika.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu aina ya betri. Linahusu kipimo chenyewe. Kumaliza chaji ya betri ili kuipima, wakuu wa vituo husema, ni kukiacha kituo bila kinga kwa saa nyingi, na betri ikishachoka inahitaji saa nyingi zaidi kujazwa. Hoja hii ni ya kweli, na inajibiwa wakati wa ujenzi. Kituo kikubwa kiwe na betri mbili zinazojitegemea, kila moja na chaja yake, ili moja ipimwe nyingine ikiwa kazini. Kwa vituo vidogo, kila kanda iwe na betri ya akiba juu ya trela, inayounganishwa kabla betri ya kituo haijaondolewa. Utaratibu wa kubadilishana uandikwe hatua kwa hatua na usomwe na mtu wa pili kabla swichi haijaguswa, kwa kuwa Callide ilianguka ndani ya zoezi la namna hiyohiyo.

Wengine hupendekeza vifaa vya kidijitali vinavyopima ukinzani wa kila seli bila kuimaliza chaji. Ni msaada mkubwa kweli, hasa kwa betri zilizofungwa, maana seli ambayo ukinzani wake unapanda kuliko wenzake imeshakuonyesha pa kutazama. Ila kifaa hicho hakikuambii betri itadumu saa ngapi, na taarifa zake ni karatasi tu kama hakuna aliyeandika vipimo vya siku ya kwanza vya kulinganisha navyo. Ama hoja ya fedha, kwamba shilingi ya kupima betri ingeunganisha umeme kijiji kingine, ina uzito mbele ya yeyote anayejua maana ya kijiji kupata umeme. Lakini kijiji hicho kitalishwa na transfoma ileile inayolindwa na betri hiyo. Transfoma kubwa ikiungua haipatikani dukani. Huagizwa nje na kusubiriwa miezi mingi, na kipindi chote hicho kijiji kipya na vya zamani vitakuwa gizani pamoja.

Kununua vibaya kuna bei nyingine isiyoonekana kwenye hesabu za kituo. Betri zinazokufa mapema hutupwa mapema, na risasi iliyomo inakwenda mahali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na watoto wao wakakutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido aliyewapigania alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kadimiamu nayo ni sumu. Mkataba wa kununua betri kwa hiyo useme wazi ni nani atakayeichukua ikifa na ataipeleka wapi.

Siku ya kupima betri ya ampea-saa 200 huwa hivi. Asubuhi mafundi wanakaza nati, wanafuta unga mweupe kwenye vichwa vya seli, wanaandika joto la chumba na volti ya kila seli, kisha wanaunganisha mzigo unaovuta ampea 20 bila kupungua. Betri nzima inatakiwa kudumu saa 10 kabla ya kushuka hadi volti 99, yaani 1.80 kwa seli. Kila saa mmoja anapita na mita kutoka seli namba 1 hadi 55 huku mwenzake akiandika. Saa tano za mwanzo namba zinafanana, na anayetazama anaweza kudhani kazi ni bure. Saa ya sita seli mbili zinaanza kubaki nyuma ya wenzao. Saa ya nane mita ya jumla inafika 99 na mzigo unazimwa. Saa 8 kati ya 10 ni asilimia 80, kiwango ambacho betri ya kituo huhesabiwa kuwa imemaliza umri wake, hata kama asubuhi ile chaja ilikuwa ikionyesha 123. Mafundi wanairudisha kwenye chaja, na jioni hiyohiyo msimamizi anajaza fomu ya kuagiza nyingine, akiambatanisha ukurasa wenye namba za seli zote 55.